Herufi Zisizo na Vikono: Chimbuko la Sura Zake na Haja za Kiswahili

1. Utangulizi

Mtaalamu wa lugha hutumia umri wake wote akiwa na herufi mbele ya macho, lakini ni nadra kuitazama herufi yenyewe. Hutazama sauti inayowakilishwa, mofimu iliyomo, au neno lililojengwa. Umbo la herufi huachiwa mpiga chapa, kana kwamba ni jambo la urembo tu, sawa na rangi ya jalada. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo yana hasara, na kwamba hasara hiyo hutuangukia zaidi sisi tunaofundisha na kuchapisha lugha za Kiafrika.

Kilichonisukuma kulichunguza jambo hili ni kisa kidogo. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisahihisha prufu za kijitabu cha hadithi kwa ajili ya watoto wanaoanza kusoma. Sura ya herufi iliyochaguliwa ilikuwa safi, isiyo na mapambo, yenye kupendeza macho. Hadithi ilianza kwa neno "Ilikuwa". Nikampa mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka saba, ajaribu kuisoma. Akasita palepale penye neno la kwanza. Aliona mistari miwili imesimama sambamba, unene mmoja na urefu unaokaribiana mno, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni kumi na moja?"

Mtoto hakukosea. Wala mwandishi, mhariri na mpiga chapa hawakukosea. Kosa, ikiwa ni kosa, lilikuwa ndani ya sura ya herufi yenyewe, ambayo I yake kubwa na l yake ndogo hazitofautiani ila kwa kipimo kidogo sana. Basi swali ni hili: sura hiyo ilitoka wapi, ilibuniwa kwa kuangalia nini, na ilimkusudia msomaji gani? Ili kulijibu tutapitia kwa ufupi historia ya herufi za namna hiyo, kisha turejee kwenye Kiswahili na jirani zake.

2. Suala la istilahi

Katika herufi nyingi za vitabu, miisho ya mistari huwa na vijistari vidogo vinavyojitokeza kando. Tazama herufi I kubwa katika kitabu cha kawaida: juu na chini yake mna vijistari vilivyolala. Wapiga chapa huviita serifu. Baadhi yetu tumezoea kuviita miguu ya herufi, lakini jina hilo halitoshi kwa sababu vijistari hivyo huwa juu pia. Kwa ajili ya makala haya nitaviita vikono, kwa kuwa hujitokeza kama vikono vya mmea utambaao. Herufi zisizo navyo zitaitwa herufi zisizo na vikono, ndizo ambazo katika viwanda vya uchapaji hujulikana kwa jina la sanserifu.

Historia ya majina ya herufi hizi inafurahisha kwa mwanaisimu. Mwaka 1816 William Caslon wa Nne, msubu herufi wa London, alipotoa chapa ya kwanza inayojulikana ya namna hii, aliiita ya Kimisri, kwani zama zile watu wa Ulaya walikuwa wamevutiwa mno na mambo ya kale ya Misri. Herufi hiyo haikuwa na uhusiano wowote na maandishi ya Misri. Mwanzoni mwa miaka ya 1830, Vincent Figgins aliziita sans-serif, yaani bila serifu. Neno la kwanza ni la Kifaransa, na la pili yamkini limetokana na neno la Kiholanzi lenye maana ya mstari. Katika miaka hiyohiyo William Thorowgood aliziita grotesque, neno ambalo asili yake ni ya Kiitalia na lina uhusiano na mapango. Wamarekani nao wakaziita za Kigothi. Misri, pangoni, Wagothi: kila jina lilitaja kitu cha mbali na kigeni. Ni dhahiri kwamba waliozitazama mara ya kwanza waliziona za ajabu. Ajabu hiyo imesahaulika leo, kwa kuwa herufi hizi ndizo zinazotuzunguka katika vibao vya barabara, matangazo na vioo vya simu.

3. Jiwe na bango

Wengi hudhani kwamba herufi isiyo na vikono ni herufi yenye vikono iliyonyolewa. Kihistoria mambo sivyo yalivyo. Maandishi ya kale ya Wagiriki yaliyochongwa mawe yalikuwa na mistari ya unene mmoja, bila kikono chochote, na hali kadhalika maandishi mengi ya Warumi wa enzi ya Jamhuri. Vikono vilikuja baadaye, na vikafikia ukamilifu wake katika maandishi ya dola ya Kirumi, kama yale yaliyo chini ya Mnara wa Trajan mjini Roma, uliozinduliwa mwaka 113 B.K. Edward Catich, padri wa Kimarekani aliyekuwa pia mwandishi wa vibao, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1968 kwamba vikono hivyo vilizaliwa kwa brashi: fundi alichora herufi kwanza kwa brashi bapa juu ya jiwe, na mgeuko wa brashi mwishoni mwa mstari ukaacha kikono, ndipo tindo ikaja kufuata rangi.

Basi wasanifu wa Uingereza wa mwisho wa karne ya 18 walipoanza kutumia herufi zisizo na vikono, hawakuwa wakibuni jambo la kisasa. Walikuwa wakirudi nyuma. Mwanahistoria James Mosley, katika uchunguzi wake uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1965, alionyesha kwamba John Soane, msanifu majengo wa Benki ya Uingereza, alikuwa akiandika michoro yake kwa herufi hizo tangu miaka ya 1780. Aliona ndani yake usahili na ukale wa Ugiriki na wa Roma ya mwanzo. Kwake yeye, na kwa wenzake waliotamani kurejea kwenye asili ya sanaa, herufi tupu ilikuwa alama ya usafi wa kale.

Chapa ya Caslon ya mwaka 1816 ilifuata mkondo huo. Ilikuwa na herufi kubwa peke yake, na katika kitabu cha sampuli ilichukua mstari mmoja tu. Lakini baada ya miaka kama 15 hivi, herufi hizo zilichukuliwa na bwana mwingine kabisa, naye ni soko. Viwanda vilikuwa vimejaa bidhaa, na bidhaa zilihitaji mabango. Mpiga chapa alitaka herufi nene, nyeusi, yenye kuonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Herufi ya msomi wa mambo ya kale ikawa herufi ya kupigia kelele. Thorowgood akaongeza herufi ndogo, na kwa muda wa miaka 60 iliyofuata viwanda vya Uingereza, Ujerumani na Marekani vikasubu sura za namna hiyo bila idadi, nyingi zikiwa kazi za mafundi wasiojulikana kwa majina.

Mwaka 1898 kiwanda cha Berthold cha Berlin kilitoa sura iitwayo Akzidenz-Grotesk. Neno la kwanza la jina hilo lahusu kazi ndogondogo za uchapaji, kama vile tiketi, fomu, risiti na matangazo, wala si vitabu. Mapema katika karne ya 20 Morris Fuller Benton wa Marekani akasanifu Franklin Gothic, iliyopewa jina la Benjamin Franklin, aliyekuwa mpiga chapa kabla ya kuwa mwanasiasa. Hivyo herufi isiyo na vikono iliingia karne ya 20 ikiwa na wazazi wawili: jiwe la kale na bango la biashara. Bado haikuwa herufi ya kusomea.

4. Kalamu

Mzazi wa tatu ni kalamu. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili mjini London, nilipita kila siku chini ya vibao vya reli ya chini ya ardhi bila kuuliza aliyeviandika. Baadaye ndipo nilipojua kwamba herufi zile zilisanifiwa na Edward Johnston. Frank Pick, aliyekuwa akisimamia matangazo ya reli hiyo, alimwendea mwaka 1913 akitaka herufi moja itakayotofautisha maandishi ya reli na makelele ya matangazo ya biashara yaliyojaa stesheni. Herufi hizo zilianza kutumika mwaka 1916.

Johnston hakuwa mtu wa mashine. Alikuwa mwalimu wa hati za mkono, na kitabu chake cha mwaka 1906 kilifufua maarifa ya kuandika kwa kalamu yenye ncha pana. Wasomaji waliowahi kushika miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu watamwelewa upesi, kwani wanajua jinsi kalamu ya mwanzi iliyokatwa ncha yake inavyozaa mstari mnene ikielekezwa huku na mwembamba ikielekezwa kule. Herufi za Johnston zina unene mmoja, lakini uwiano wake ni wa herufi kubwa za Kirumi: O ni duara hasa, ilhali E na S ni nyembamba. Na kalamu imeacha nyayo mahali pamoja pa wazi: nukta ya i na ya j imesimama kwa pembe kama almasi, ambalo ndilo umbo linalotoka ncha pana inapoguswa karatasini.

Kuna jambo jingine katika kazi ya Johnston linalotuhusu zaidi. Herufi yake ndogo l haikuachwa iwe mstari mtupu. Aliipinda chini ikawa na kindoana, isije ikafanana na I kubwa wala na tarakimu 1.

Mwanafunzi wake, Eric Gill, mchonga mawe, aliendeleza mkondo huo. Mwaka 1926 alichora kibao cha duka la vitabu mjini Bristol kwa herufi zisizo na vikono. Stanley Morison, mshauri wa kampuni ya Monotype, akamtaka azigeuze kuwa chapa, na Gill Sans ikatolewa mwaka 1928. Mwaka uliofuata ilichukuliwa na mojawapo ya kampuni kubwa za reli za Uingereza, ikaenea katika vibao, ratiba na mabango. Ni sura yenye ubinadamu na uzuri mwingi. Lakini Gill hakuifuata ndoana ya mwalimu wake. Katika Gill Sans ya asili, I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 zote tatu ni mistari mitupu iliyosimama. Mwanafunzi alirithi uwiano, akaacha tahadhari.

5. Bikari na rula

Nchini Ujerumani chimbuko lilikuwa jingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wasanii wengi waliona kwamba ulimwengu wa zamani umeanguka na kwamba maandishi nayo yaanzwe upya. Katika shule ya Bauhaus, Herbert Bayer alibuni mwaka 1925 alfabeti ya duara na mistari iliyonyooka, isiyo na herufi kubwa hata moja. Hoja yake ilikuwa kwamba hatutamki sauti kubwa na sauti ndogo, basi kwa nini tuwe na herufi za namna mbili? Mwanafonetiki hawezi kuipuuza hoja hiyo, hata kama hataikubali.

Paul Renner, ambaye hakuwa wa Bauhaus, ndiye aliyeleta sura iliyodumu. Futura yake, iliyotolewa mwaka 1927 na kiwanda cha Bauer cha Frankfurt, ilijengwa juu ya duara, mraba na pembetatu. Herufi a ikawa duara lenye mstari mmoja ubavuni, na o ikawa duara peke yake. Hata hivyo, anayeipima Futura kwa bikari ataona kwamba Renner hakuwa mtumwa wa vifaa vyake. Mahali mstari unapokutana na duara aliupunguza unene, kwa sababu jicho huona uzito usiokuwapo, na uwiano wa herufi zake kubwa aliuchukua kwa Warumi. Hata herufi ya bikari, basi, haikuweza kukwepa hukumu ya jicho wala deni la jiwe.

Katika Ujerumani ya siku zile umbo la herufi lilikuwa suala la siasa. Vitabu vingi vya Kijerumani vilikuwa vikichapwa kwa hati iliyovunjika-vunjika iitwayo Fraktur, na wazalendo wakali waliiona kuwa ndiyo roho ya taifa. Jan Tschichold, aliyetangaza katika kitabu chake cha mwaka 1928 kwamba herufi isiyo na vikono ndiyo herufi ya zama hizi, alikamatwa mwaka 1933 baada ya Wanazi kushika dola, kisha akahamia Uswisi. Renner, aliyekuwa ameandika dhidi ya siasa yao ya utamaduni, naye alikamatwa mwaka huohuo na kufukuzwa kazi. Mwaka 1941 serikali hiyohiyo ya Wanazi ikaipiga marufuku Fraktur yenyewe. Tschichold baadaye alirudi kwenye herufi zenye vikono, akakiri kwamba ukali wa msimamo wake wa ujanani ulikuwa na harufu ya udikteta uleule aliouchukia. Ama Futura iliendelea na safari yake, na mwaka 1969 ndiyo iliyoandikwa kwenye kibao kilichoachwa mwezini na wanaanga wa Apollo 11.

6. Herufi isiyo na lafudhi?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wasanifu wa Uswisi walitafuta herufi isiyo na mwelekeo wowote: isiyo ya kalamu, isiyo ya siasa, isiyo ya taifa. Mwaka 1957 kiwanda cha Haas kilitoa sura iliyochorwa na Max Miedinger chini ya uongozi wa Eduard Hoffmann. Mwaka 1960 ilipewa jina la Helvetica, kutokana na jina la Kilatini la Uswisi. Mwaka huohuo wa 1957 Adrian Frutiger, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Paris, alitoa Univers, jamii ya sura 21 zilizopangwa kwa nambari kuanzia nyembamba hadi nene, zote kwa mfumo mmoja.

Helvetica imesifiwa kuwa ni herufi isiyosema lolote ila lile lililoandikwa. Sifa hiyo inafanana na ile ya msemaji asiye na lafudhi. Sisi tunaofundisha isimu tunajua kwamba hakuna msemaji wa namna hiyo: asiye na lafudhi ni yule tu ambaye lafudhi yake imekuwa ya wenye nguvu, hata haisikiki tena. Helvetica nayo ina asili yake. Ilichorwa kwa kuitazama Akzidenz-Grotesk, herufi ya tiketi na fomu za karne ya 19. Midomo ya herufi zake, kama c, e na s, imefungwa hadi kukaribia kugusana, na hiyo ni tabia ya bango. Na ndani yake I kubwa na l ndogo ni takriban kitu kimoja.

Si wote waliotafuta ukimya huo. Mjerumani Hermann Zapf aliyaona mwaka 1950 maandishi ya makaburi ndani ya kanisa la Santa Croce mjini Florence. Kwa kuwa hakuwa na karatasi, aliyachora juu ya noti ya lira 1,000. Michoro hiyo ikazaa Optima, iliyotolewa mwaka 1958, ambayo mistari yake hunenepa kidogo miishoni bila kufikia kuwa na vikono. Jiwe lilikuwa limerudi tena.

Frutiger mwenyewe alipotakiwa kuandaa vibao vya uwanja mpya wa ndege wa Roissy karibu na Paris, uliofunguliwa mwaka 1974, aliona kwamba Univers haingefaa. Msafiri husoma akitembea, pengine kutoka pembeni, pengine kwa mwanga hafifu. Akafungua midomo ya herufi na kuziachanisha maumbo, na kazi hiyo ikatolewa kuwa chapa mwaka 1976 kwa jina lake mwenyewe, Frutiger. Kadhalika Matthew Carter, aliposanifu Verdana iliyotolewa na Microsoft mwaka 1996, alianzia kwenye kioo cha kompyuta cha siku zile, chenye vijiraba vichache vya kuchorea herufi. Akaamua kwamba I kubwa irudishiwe vikono vyake, juu na chini, ili isichanganywe na l. Hapa chimbuko la usanifu halikuwa jiwe, bango, kalamu wala bikari. Lilikuwa msomaji na mazingira yake.

7. Kiswahili ndani ya herufi hizi

Tukijua hayo, tunaweza kulitazama upya swali la yule mtoto. Katika Kiingereza na Kijerumani, ni mara chache sentensi kuanza kwa I kubwa ikifuatwa na l. Wafaransa na Waitalia hukutana nayo kila siku, nasi pia. Kiambishi cha nafsi cha ngeli ya nyumba, nchi na siku ni i-, na cha miti na mito vilevile ni i-. Kikifuatwa na -li- ya wakati uliopita, tunapata Ilikuwa, Ilianguka, Ilipofika, Ilimbidi. Ongeza Ili, Ilhali, Ilani na Ilala. Hadithi, taarifa ya habari na jibu la mtihani aghalabu huanzia hapo. Kwa hiyo kasoro ambayo msanifu wa Kiingereza aliiona ndogo imeangukia mahali ambapo sarufi yetu hupita kila mara.

Jambo la pili ni a na o. Maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kibantu huishia kwa irabu, na irabu hiyo ya mwisho hubeba mzigo mkubwa. Soma ni kitenzi na somo ni nomino. Ndivyo ilivyo tenda na tendo, penda na pendo. Hapa si hapo. Katika sura za mkondo wa Futura, tofauti ya a na o ni mstari mmoja mfupi ubavuni mwa duara. Katika sura ambazo a ina paa juu na tumbo chini, tofauti hiyo huonekana mara moja. Sisemi kwamba msomaji mzoefu atapotea, kwani muktadha humwongoza. Nasema kwamba anayejifunza hana muktadha huo bado.

La tatu ni ng'. Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili kuanzia mwaka 1930 haikuichukua herufi ŋ ya alfabeti ya Kiafrika iliyopendekezwa na Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika. Tukabaki na ritifaa. Ritifaa hiyo hutenga ng'oa na ngoa, ng'ombe na ngoma. Waandishi wa Dholuo huitumia vivyo hivyo. Lakini msanifu wa herufi huichora kama alama ya kituo, nayo kwetu ni sehemu ya herufi. Ikiwa ndogo mno, haionekani. Ikiachiwa nafasi pana, neno moja hukatika likawa mawili.

La nne lahusu majirani. Gĩkũyũ ina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama ya wimbi juu: ĩ na ũ. Kikamba nacho hutumia alama hizo. Sura isiyo na herufi hizo humlazimisha mpiga chapa ama kuondoa alama, na hapo irabu saba zikawa tano, ama kuazima herufi kutoka sura nyingine, na hapo neno moja likavaa nguo mbili. Na mwanaisimu anayetaka kuonyesha toni juu ya ĩ anahitaji alama mbili, moja juu ya nyingine. Sura nyingi nzuri kwa macho hushindwa papo hapo: alama hugongana, au ya juu hukatwa kichwa.

Yafaa itajwe hapa sura moja ambayo jina lake ni la Kiswahili. Shirika la SIL, linalojishughulisha na lugha zenye maandishi machache, limesanifu herufi zisizo na vikono kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, likaziita Andika. Zimekusudiwa zisichanganywe kwa urahisi moja na nyingine, zina alama nyingi za lugha za Kiafrika, na hutolewa bila malipo. Lakini hata hapa tunajifunza kwamba usanifu ni kuchagua. Herufi a ya Andika ni ya duara na mstari, kwa sababu ndiyo umbo ambalo mtoto hufundishwa kuandika kwa mkono. Haja ya kufanana na mkono wa mwanafunzi imeshindana na haja ya kujitenga na o, na ya kwanza ikashinda. Uamuzi huo una sababu zake. Ila nani miongoni mwetu ameujadili kwa kuangalia soma na somo?

8. Hitimisho

Tumeona kwamba herufi isiyo na vikono si herufi tupu isiyo na asili. Soane aliichukua kwenye mawe ya kale, wapiga chapa wa karne ya 19 kwenye bango, Johnston kwenye kalamu, Renner kwenye bikari, Frutiger kwenye hatua za msafiri. Kila mmoja alikuwa na msomaji wake mawazoni, hata asipomtaja. Ubishi wa muda mrefu kuhusu iwapo herufi zenye vikono husomeka vizuri zaidi kuliko zisizo navyo haujatoa hukumu moja, na huenda si swali letu la kwanza. Swali letu la kwanza ni kama sura fulani, yenye vikono au isiyo navyo, inazitenga herufi ambazo lugha yetu inazitegemea.

Wasanifu huwa na sentensi za kujaribia kazi zao, na nyingi ni za Kiingereza. Napendekeza idara zetu zitunge za kwetu, kila lugha na yake, ili mhariri azitazame kabla ya kuidhinisha sura yoyote ya kitabu cha kiada. Kwa Kiswahili tunaweza kuanza na hii: Ilipong'oka mizizi, mti wa hapo ukaanguka hapa. Ikichapwa, atazamwe I na l mwanzoni, ritifaa katikati, kisha o na a za mwisho. Haichukui dakika moja, na haihitaji mtaalamu wa uchapaji.

Kile kijitabu cha hadithi kilichapwa hatimaye kwa sura nyingine, ambayo l yake ina kindoana chini kama ile ya Johnston. Nilimpelekea mtoto yule nakala. Alisoma "Ilikuwa" bila kusita, akaendelea na hadithi.